Meli Iliyozamishwa na Filamu

Katika riwaya ya C. S. Forester iitwayo The African Queen (1935), mashua ya wapenzi wawili, nahodha na dada wa mmisionari, huzama kwa dhoruba kabla ya kuigusa meli ya Wajerumani. Lakini utohozi, yaani kazi ya kuhamishia hadithi ya kitabuni kwenye filamu, ulimwezesha John Huston mwaka 1951 kuizamisha meli hiyo bila idhini ya dhoruba. Waigizaji walifika hadi Uganda, wasivuke mpaka kuja Bukoba, ambako Juni 1915 Waingereza waliovuka Ziwa Victoria kutoka Kisumu waliangusha mlingoti wa simu ya upepo wa Wajerumani na kupora mji; pengine hawakuja kwa kuwa uvamizi huo ulikosa dada wa mmisionari wa kumpenda nahodha. Wala Muleba, wilaya jirani yenye visiwa vya kuficha mashua yoyote, haikuulizwa.