Stelingi wa Kulazimishwa

Sikutaka kwenda. Naliweka hili mbele kabisa ili asije mtu akasema nilijipeleka. Jumamosi ile nilikuwa nimejilaza mkekani chini ya mwembe, redio kifuani, nasikiliza mpira. Mama watoto akaja na habari kwamba mpwa wangu aliyekuja likizo amenuna tangu asubuhi, kwa hiyo mjomba mtu anyanyuke ampeleke akaone picha. Na tukirudi tupitie dukani tuchukue sukari, sabuni na kitu cha tatu. Alikitaja. Nilikisikia. Nilikuwa nacho kichwani mpaka kwenye kona ya kwanza.

Kwa wasiokijua kibanda umiza, heri yao. Chetu ni chumba cha mabati chenye mabenchi yasiyo na egemeo, na madirisha yamezibwa kwa turubai ili mwanga usiingie, hewa nayo ikadhani imekatazwa. Unaingia kwa mia tano, unatoka na mgongo wa kutibiwa kwa elfu kumi. Mbele wanakaa watoto, katikati vijana wa bodaboda, nyuma tunakaa sisi ambao magoti yetu yanakunjika kwa maombi.

Picha yenyewe ilikuwa ya Kimarekani, Army of Darkness, iliyoongozwa na Sam Raimi. Ni ya mwaka 1992, kwa hiyo ni kubwa kwa umri kuliko nusu ya waliokuwa wanaitazama. Stelingi anaitwa Ash, ameigiza Bruce Campbell, mwanamume mwenye kidevu kama sururu. Huyu bwana kazi yake ni kuuza duka, sehemu ya vifaa. Hajaomba vita na mtu. Anafyonzwa na tufani ya kishetani, anaangushwa katika mwaka 1300 pamoja na gari lake, bunduki yake na msumeno wa injini, na kabla hajajipangusa vumbi anafungwa mnyororo, anatumbukizwa shimoni kwa majini, kisha anaambiwa yeye ndiye mkombozi aliyetabiriwa. Muda wote analalamika. Anataka kwenda kwao. Nilimpenda papo hapo.

Sasa huku kwetu picha haitazamwi hivi hivi, inatafsiriwa. Tangu Derek Mukandala, yule tunayemjua kwa jina la Lufufu, atuzoeshe sauti yake juu ya sauti za Wazungu na Wahindi, picha isiyo na mtafsiri ni kama ugali bila mboga. Wenzetu wa Uganda nao wana watu wao wa kazi hiyo, na watakwambia wa kwao ndio bora. Kijana aliyetafsiri hii ya juzi alikuwa na moyo mkubwa kuliko Kiingereza chake. Duka la Ash alilihamishia Kariakoo. Bwana wa ngome akawa mtemi. Kibibi kichawi kilichoruka hewani kikipiga mayowe akakiita shangazi wa upande wa kuumeni, na wanawake wawili waliokuwa nyuma yangu wakasema kwa pamoja: “Kweli kabisa.”

Halafu ikafika sehemu iliyonikera mpaka leo. Ash anatumwa makaburini kuchukua kitabu cha wafu. Amefundishwa maneno matatu, tena mafupi, na lazima ayatamke kabla hajakigusa. Anaahidi kwamba ameyashika. Anafika mbele ya kitabu, anatamka la kwanza, anatamka la pili, la tatu limeyeyuka. Mwanamume mzima anaangalia kushoto, anaangalia kulia, kisha anakohoa palepale ambapo neno lingekaa, na kukinyakua kitabu. Makaburi yote yanafumuka, jeshi la mifupa linanyanyuka na kujipanga.

Kibanda kizima kilimcheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu kwa vidole: sukari, sabuni…

Mifupa imeshafika langoni mwa ngome, ngazi zimeegemezwa ukutani, ndipo umeme ukakatika. Hakuna aliyeshangaa. Tulikaa gizani dakika tano tukimngoja Mungu na jenereta, wote wawili wakawa na shughuli nyingine, tukatoka nje kukaa chini ya mwembe. Mji wetu wa Tabora umejaa miembe kila ulikopita msafara, na kazi yake kubwa siku hizi ni kuwapa kivuli watu wanaongoja umeme urudi.

Hapo ndipo mzozo ulipoanza. Sheria ya kibanda umiza ni moja tu, kwamba stelingi hafi, kwa hiyo hilo halikujadiliwa. Kilichojadiliwa ni alirudije kwao. Fundi baiskeli, ambaye picha hii aliiona zamani kwa kanda, akaapa kwamba Ash anapewa dawa ya kunywa matone, kila tone limlaze karne moja, anapotewa na hesabu, analala kupita kiasi, anaamka London imeshakuwa magofu na yeye ana ndevu za kufagilia uwanja. Kijana wa bodaboda akasema huo ni uongo wa mchana, kwani yeye kaona kwa macho yake Ash amerudi salama dukani, anawasimulia wenzake, mara anatokea jini mmoja na anamtwanga risasi katikati ya bidhaa. Wakafika mahali pa kushikana mashati. Mpwa wangu, ambaye kununa kulikuwa kumekwisha, akachungulia kwenye simu na kutangaza kwamba wote wawili ni wakweli. Mwisho wa London ndio alioutaka Raimi, wenye fedha wakaona unatia huzuni, ukapigwa mwingine wa dukani. Fundi na bodaboda wakatazamana kama watu walioibiwa ugomvi wao.

Mzee mmoja wa kanzu, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akasema hakuna jipya hapo. Watu wa pangoni wa kwenye Kurani walilala miaka mia tatu na tisa, na hawakupigiwa hesabu ya matone. Walipoamka wakamtuma mwenzao sokoni na fedha za zamani. “Tena wao walikuwa na mbwa,” akaongeza, kana kwamba hilo ndilo lililomponza Ash.

Kumbe mpwa wangu alikuwa ananipima. Akaniuliza mbele za watu, “Mjomba, wewe ukitupwa Tabora ya mwaka 1871 utafanyaje?” Mtoto huyu shuleni walikuwa wamepelekwa Kwihara kuliona tembe la Livingstone, na tangu siku hiyo hasemeki.

Nilifikiri kwa haki. Ash alikwenda na gari, bunduki na msumeno. Ndani ya buti mlikuwa na kitabu cha kemia, akakifungua akatengeneza baruti. Mimi mfukoni nilikuwa na noti ya elfu kumi, ufunguo wa kufuli lisilofunga na simu yenye chaji ya asilimia nne. Mtandao usingenisumbua, hata sasa tunaishi bila huo. Kwenye elimu, kemia nilipata alama ambayo mama yangu aliifikisha kaburini bila kumwambia jirani.

Kwa hiyo nisingekuwa mkombozi. Ningekuwa mpagazi. Mnyamwezi mzima, mabega mapana, nikatize Kazeh, yaani Tabora ya enzi zile, nisiwe na mzigo kichwani, nani angenielewa? Ningekabidhiwa pembe au robota, frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushee, niuelekee mwambao kwa miguu. Burton na Speke mwaka 1857 walitumia siku 134 kutoka pwani mpaka hapa, na mizigo yao ilibebwa na wengine. Mimi mwezi uliopita nilinyanyua mtungi wa gesi kutoka mlangoni mpaka jikoni, nikalala siku mbili. Ningelipwa kwa merikani, ile nguo iliyotoka Marekani ikapewa jina la kwao, maana ilifika Tabora zaidi ya miaka mia moja kabla ya Ash na msumeno wake. Na nikifika Ugogo watemi wangedai hongo, ambayo siku hizo ilikuwa ushuru halali wa kupita na kunywa maji, ikilipwa hadharani, kwa shanga na vitambaa. Mtani wangu Mgogo aliyekuwa pale akanyoosha mkono palepale, akasema deni la babu haliozi.

Usidhani walionitangulia walikuwa wanyonge. Msafara ukiwakera, wapagazi walikuwa wanaweka mizigo chini na kudai posho, au usiku wanatoweka, mzungu anaamka na marobota yake na hana kichwa cha kuyabeba. Ndilo jambo moja ambalo ningelimudu. Kutoweka naweza.

Halafu mwaka wenyewe. Kati ya miaka yote mtoto akachagua 1871! Stanley alipita hapa akimtafuta Livingstone, akakuta Waarabu wa Tabora wamegombana na mtemi Mirambo, akaona vita ile itakwisha kwa siku chache, akajiunga nao. Mirambo aliwavizia njiani wakirudi na ngawira, wakatawanyika kila mtu na roho yake, na Stanley mwenyewe akaishia Kwihara na homa. Agosti watu wa Mirambo wakaingia Tabora, wakateketeza sehemu ya mji. Mgeni wetu akatoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za tembe, akapandisha bendera ya Marekani, akangoja. Sasa mimi ningetua upande gani? Nitue kwa Waarabu, nakimbizwa na rugaruga, askari wa Mirambo. Nitue kwa rugaruga, naulizwa kwa nini nimevaa suruali yenye zipu.

Kijana wa bodaboda akauliza kama ningetengeneza baruti kama Ash. Mzee wa kanzu akasema baruti Tabora iliijua. Isike, Mtemi wa Unyanyembe, aliwazuia Wajerumani kadiri walivyoweza kuzuiwa, na Januari 1893 walipokuwa wameshavunja boma lake, akaingia kwenye ghala la baruti akajilipua. Tulinyamaza kidogo. Hata mtani Mgogo alirudisha mkono.

Ni mpwa wangu aliyetuokoa na ukimya, na hapa namvulia kofia, ingawa alichelewesha safari ya dukani. Akasema picha ya kutisha tunayo ya kwetu, wala haihitaji mifupa ya bandia. Livingstone alikufa mwaka 1873 kule Chitambo, ambako leo ni Zambia. Watumishi wake, Susi, Chuma na wenzao, wakauzika moyo chini ya mti, mwili wakautia chumvi, wakauanika juani, wakaufunga kwenye gome la mti, wakaanza kuurudisha pwani. Oktoba wakaingia nao hapa Unyanyembe. Wakamkuta Cameron, mzungu mwingine aliyekuwa amekuja kumsaidia Livingstone, akawashauri wazike hapahapa yaishe. Wakakataa. Walipoondoka wakaambiwa njiani kwamba maiti haipiti. Basi wakaufunga mwili upya, wakaufupisha na kuuviringa uonekane kama robota la nguo, wakafanya msafara wa uongo wa kuirudisha maiti Unyanyembe, na robota likaendelea na safari juu ya bega. Februari 1874 walikuwa Bagamoyo.

Nawaomba mtazame picha hiyo kichwani. Usiku, porini, mlinzi wa kijiji anagonga robota kwa fimbo na kuuliza ndani mna nini, Chuma anajibu kaniki. Hapo utacheka au utakimbia? Mussa Banzi alipotoa picha yake Nsyuka mwanzoni mwa miaka ya 2000 alituonyesha kwamba mzimu wa Kiswahili unatisha bila kuazima wa mtu. Kwa nini basi hakuna aliyemfanya Susi stelingi, nikalipa mia tano yangu nikiwa na sababu? Ash alipewa maneno matatu yakamshinda. Hawa walitembea miezi tisa na siri moja, hakuna aliyekohoa.

Hoja yangu ilikuwa ndiyo kwanza inakolea, na nilikuwa nimesimama, jambo nisilolifanya bure, giza likaingia na watu wakaanza kukumbuka makwao. Mwenye kibanda akasema umeme ukirudi tutamalizia kwa tiketi zilezile. Akatazama pembeni wakati anasema.

Tukapitia dukani. Nikataja sukari. Nikataja sabuni. Muuza duka, kijana mvumilivu, akaniuliza, “Na nini kingine, mzee?” Nikamtazama mpwa wangu. Mpwa wangu, bingwa wa mwaka 1871, akatazama dari.

Nyumbani kulikuwa giza tupu. Mama watoto alikuwa amekaa mlangoni, kibatari mkononi hakijawashwa, jiko la mkaa pembeni limelala baridi, mboga imekatwakatwa inangoja. Akapokea sukari. Akapokea sabuni. Akaacha mkono umenyooka.

Nikakohoa.

Kitu cha tatu kilikuwa kiberiti.