Nyigu wa Stoo

Mama mkwe haamini gunia la mahindi mpaka alitie mkono hadi kwapani. Hili la kilo 90, lililoshushwa kwetu Wabera na pikapu ya kutoka Meru, alilinusa kisha akanuna: "Hili lina wageni." Mume wangu akacheka. Haukupita muda, unga ukawa unadondoka chini ya gunia, na fukusi wanatembea ukutani kama wenye hati ya nyumba.

Fukusi tumewazoea, jua na ungo vingetosha. Balaa ilizuka walipotokea wadudu wengine juu ya gunia: weusi, wenye mabawa, kiuno kimebanwa, urefu milimita mbili hivi. "Nyigu!" binti yetu Halima akapiga yowe. Baba yake akaja na mkebe wa dawa ya mbu, akajifungia stoo, akapuliza mpaka akatoka akikohoa. Juu ya chakula, jamani! Nyigu wakafa wote. Fukusi wakaendelea na mlo.

Akaitwa jirani, mzee mstaafu wa idara ya kilimo. Akapasua punje kwa kucha. Ndani mna buu. Fukusi jike hutoboa punje, akataga yai, akaziba tundu, kwa hiyo dawa inaishia nje. Nyigu yule, ambaye wataalamu humwita Anisopteromalus calandrae, humtambua buu bila kumwona. Hupenyeza sindano ndani ya punje, humpooza, humtagia yai. Kinda la nyigu humla buu, na kwenye joto kama letu, baada ya wiki mbili hivi hutoka nyigu mahali pa fukusi. Mahindi hayali.

"Baba Halima, umeua vibarua wa bure," mzee akasema. Na akianza huyu hakomi: akatupeleka hadi kwa Osama, dumuzi aliyeonekana Taveta mwaka 1983, na mbawakawa mwindaji aliyeachiliwa nchini mwaka 1992 amle. Ila alikiri kwamba nyigu huchelewa. Ukiwaona wengi, fukusi wameshakula vya kutosha. Kukausha vizuri na mfuko usiopitisha hewa ndiyo kinga yenyewe.

Mahindi yaliyopuliziwa yalizikwa nyuma ya nyumba, kuku wakiwa wamefungiwa. Baba Halima akatoa pesa za gunia jingine bila kunung'unika, na mama mkwe akaenda sokoni mwenyewe. Muuzaji akaapa kwamba gunia lake halina mdudu hata mmoja.

"Hata nyigu?" mama mkwe akamkazia macho. "Basi punguza bei."