Mgeni Asiye na Kitambulisho

Agosti 2019, ukumbi wa Bunge la Kenya uliingiliwa na mtu wa miezi mitano. Hakuwa na silaha, bango, wala pengine hata meno. Mama yake, Zuleikha Hassan, mbunge mwakilishi wa wanawake wa Kaunti ya Kwale, alikuwa amepatwa na dharura nyumbani, akaona heri aende kazini na mwanawe kuliko kukosa kikao. Waheshimiwa kadhaa wakapiga kelele. Aliyekalia kiti cha spika akaamuru mama na mtoto watoke: kanuni haziruhusu wageni ukumbini. Baadhi ya wabunge wanawake wakatoka naye.

Bunge hilohilo ndilo lililotunga Sheria ya Afya ya 2017, inayomtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea kazini. Mwajiri, bila shaka, ni yule mwingine.

Kumbe asiyekuja kabisa huvumiliwa vizuri zaidi. Februari 2019, mswada wa kutekeleza agizo la Katiba ya 2010, kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti, ulihitaji kura 233. Wengi wa wasioutaka hawakujisumbua hata kuupinga. Hawakufika tu, idadi haikutimia, mswada ukaanguka. (Ukimya wa kiti kitupu haunukuliwi gazetini.)

Mwaka 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Halikuvunjwa. Waheshimiwa walimaliza muhula wao, mishahara ikiingia kila mwezi.