Treni ya Mjomba Haijapata Rangi

Mpwa wangu alisikia kwamba zamani treni ilifika Masasi, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeificha. Nikamweleza: reli ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza kule Nachingwea, tawi lake likaja mpaka huku kwetu, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa.

“Basi nitengenezee, Mjomba.”

Hapa kwetu Lisekese mjomba hakatai mbele za watu. Nikachagua kipimo cha 1 kwa 20, maana reli ile ilikuwa na upana wa mita 1, na ukigawa kwa 20 unapata sentimita 5, hesabu ninayoiweza. Mabehewa nikayakata kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Bomba la moshi, ganda la kalamu.

Dukani nikaulizia praima.

“Unapaka geti?”

“Treni.”

Muuzaji akanitazama kwa huruma, akanipa redi oksaidi ya lita 1, kopo dogo kuliko yote aliyokuwa nayo. Treni yangu nzima ilihitaji vijiko viwili.

Mkono wa kwanza ulikimbia. Nasema kweli, praima ilijikusanya matone matone kama maji juu ya jani la gimbi, kwa kuwa lile bati lilikuwa bado lina mafuta ya watu. Nikaliosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikalikwaruza kwa msasa ili rangi ipate pa kushika. Kwa hasira nikapaka nene. Sasa piga hesabu: nusu milimita kwenye behewa langu ni sentimita 1 nzima kwenye behewa la kweli. Madirisha yakaziba. Abiria wangesafiri gizani mpaka Mtwara.

Nikaona dawa ni thina, ipakwe nyepesi nyepesi. Bati likakubali. Bomba la moshi likainama polepole, kama mzee anayesinzia msibani, likalala juu ya paa. Thina na plastiki ya kalamu hawaketi jamvi moja.

Wachongaji wa mpingo hawayajui mateso haya. Wao ni msasa, kiwi na kitambaa, kinyago kinang'aa. Nimewaonea wivu wiki nzima.

Bomba jipya nikalitengeneza kwa kijiti cha mbao. Nikaanika treni uani, na ilikuwa msimu wa korosho. Fuso moja likapita na magunia yake, vumbi likatua kwenye rangi mbichi, treni ikapata ngozi ya kenge. Msasa tena. Hatimaye nikaazima njano kidogo aliyoitaka mtoto, nikaipaka yote, ikatoka rangi ya mchuzi wa juzi.

Fundi rangi jirani akachungulia juu ya ua. “Kaka, njano haifuniki wekundu huo. Ungetanguliza nyeupe.”

Nyeupe nayo pale dukani ilianzia lita 1. Nikainunua.

Siku hizi kigoda kina praima, banda la kuku lina praima, mlango wa choo una praima ya mikono miwili, na mke wangu ameanza kuondoa sufuria kila anionapo na brashi. Jana mpwa wangu aliizungusha treni mikononi, nyeupe pee, kisha akatazama banda, kigoda na mlango.

“Mjomba, vyote hivi vinasubiri rangi?”

Nikamtuma dukani akaulizie kopo dogo la njano. Amerudi na jibu: lita 4.