Anwani ya Barua Pepe ya Mwombaji Kazi katika Nyanda za Juu Kusini

Fedheha ya mwombaji kazi kusomewa anwani yake ya barua pepe kwa sauti, mbele ya watu wasiomjua, haijapewa nafasi inayoistahili katika vitabu vya rasilimali watu, ingawa Mbeya na Iringa, miji ambayo vyuo vyake huhitimisha vijana kwa kasi isiyofuatwa na ajira, huizalisha kila msimu wa usaili. Anwani hiyo kwa kawaida hufunguliwa na mwenyewe akiwa kidato cha pili, ili ajiunge na Facebook, kisha huja kutumika akiwa na shahada, tai ya kuazima na nakala za vyeti zilizogongwa muhuri wa wakili. Kati ya nyakati hizo mbili mtu amekwisha badilika kabisa, lakini anwani iko palepale.

Ili fedheha hii ieleweke, hapana budi kueleza kwanza anwani ni kitu gani. Ina sehemu mbili zinazotenganishwa na alama ya @, ambayo mhandisi wa Marekani, Ray Tomlinson, aliichagua mwaka 1971 kwa sababu moja ya maana sana: haikuwamo katika jina la mtu yeyote. Kulia kwa alama hiyo hukaa kikoa, yaani jina la kampuni au taasisi inayotunza sanduku. Kushoto hukaa jina la mwenye sanduku, ambalo kanuni za kimataifa huliruhusu kufika herufi 64, ingawa Gmail, iliyozinduliwa tarehe 1 Aprili 2004, hutaka herufi 6 hadi 30. Sharti kubwa ni kwamba ndani ya kikoa kimoja majina mawili hayafanani, na aliyetangulia ndiye mwenye jina, hata kama amelisahau, hata kama amelifuta, kwa kuwa Gmail haimpi mtu mwingine jina lililokwisha kufutwa. La kustaajabisha zaidi ni nukta. Katika Gmail nukta iliyo kushoto haihesabiwi kabisa, hivyo anayeandika jina kwa mkupuo na anayelikatakata kwa nukta tatu hufika kwenye mlango uleule, ilhali Outlook huihesabu nukta kama herufi kamili. Karani aliyezoea utaratibu wa kwanza, akiidondosha nukta katika wa pili, huweza kumpelekea barua mtu mwingine kabisa, naye mwombaji huendelea kufunga na kusali kwa ajili ya jambo lililokwisha kujibiwa.

Ushauri unaotolewa katika kila semina ya ajira ni kwamba mtu atumie jina lake na la ukoo, bila mapambo. Ni ushauri mzuri kwa mwenye ukoo mdogo. Katika Unyakyusa, yaani Rungwe na Kyela, ambako majina mengi ya ukoo huanza na Mwa-, akina Mwakalinga na Mwaipopo hawahesabiki, na majina ya ubatizo hujirudia kila kizazi. Akina Sanga, waliotoka Makete wakatapakaa Iringa na Mbeya kwa biashara, hawana nafuu yoyote. Sanga yeyote aliyebatizwa Emmanuel, akijaribu jina lake halali, huambiwa na kompyuta kwamba lina mwenyewe, kisha hupendekezewa jina hilohilo likiwa na tarakimu mkiani, jambo linalomfanya aonekane kama mfungwa aliyepangiwa namba. Akiweka mwaka wa kuzaliwa, mwajiri humjua umri kabla hajamjua kazi.

Tukio lenye mafunzo mengi kuliko yote, ambalo bado ni bichi kiasi kwamba mhusika huzunguka mtaa mzima ili asiipite ofisi ile, lilitokea jijini Mbeya katika usaili wa nafasi ya mhasibu msaidizi. Anwani yake, upande wa kushoto, ilikuwa sharobaro_wa_kabwe, Kabwe ikiwa sehemu ya jiji hilohilo. Sharobaro, kwa faida ya wasomaji watakaokuja, alikuwa kijana mtanashati wa miaka ambayo neno hilo lilikuwa sifa. Tatizo la kitaalamu, hata hivyo, halikuwa usharobaro bali andaskoo, yaani kile kistari kinacholala chini ya usawa wa herufi. Programu ya Word ikiitambua anwani huigeuza kuwa kiungo, maana yake maandishi ya kubofya, ikaipaka rangi ya buluu na kuipigia mstari kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mstari huo huzimeza andaskoo zote, na waraka ukishachapwa kwa mashine ya steshenari ambayo wino wake unaelekea kwisha, jicho huona nafasi tupu.

Katibu muhtasi, ambaye barua zake zilikuwa zimemrudia hata akalazimika kumpigia simu, aliona usaili ndio wakati wa kusahihisha kumbukumbu.

“Samahani, kaka,” aliuliza akiwa mlangoni, waombaji wengine wakiwa kwenye benchi, “hapa baada ya sharobaro kuna nafasi?”

“Hakuna nafasi, dada. Kuna mstari.”

“Mstari nauona, umeanza kwenye s mpaka mwisho. Huo mwingine uko wapi?”

“Uko hapohapo, chini yake.”

Mwenyekiti wa jopo, mzee aliyekuwa akifuatilia kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, akataka kusaidia.

“Kijana, hawa akina Sharobaro ni wa Rungwe au wa Kyela?”

“Shikamoo, mzee. Si ukoo.”

“Marahaba. Basi mwandikie ukoo wako.”

Ukoo ulikuwa Mwakalinga, na kwenye benchi lile walikuwapo wengine wawili.

Iringa mambo yalikuwa mepesi kidogo. Mwalimu mmoja aliyehitimu chuo cha Mkwawa alitumia anwani ya mumewe, na mume akajibu mwaliko wa usaili kwamba mkewe hatakuja. Kijana wa Kihesa aliandika herufi O palipotakiwa sifuri.

Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, humtaka mwombaji awe na akaunti yenye barua pepe, na asiye na kompyuta hukimbilia steshenari, ambako mhudumu humfungulia sanduku, huweka namba yake mwenyewe ya simu ili apokee msimbo wa uthibitisho, na huandika nenosiri nyuma ya risiti. Mhudumu akihamia Tunduma, sanduku limehamia naye. Haya humpata kijana ambaye mwajiri anamdai anwani ya heshima, ilhali matangazo mengi yanayobandikwa Mwanjelwa, Mbeya, na Mashine Tatu, Iringa, huwa na anwani za bure za waajiri wenyewe, zenye tarakimu mkiani, wala hakuna anayewauliza. Chini kabisa ya tangazo huwekwa sentensi kwamba watakaokidhi vigezo tu ndio watakaojulishwa. Kwa utaratibu huo aliyekosa sifa na aliyekosa nukta moja hupata jibu lilelile la ukimya, na wote wawili hununua bando Ijumaa jioni ili waangalie kama kuna kitu kimeingia.