Misonobari ya Kayanga

Mpwa wangu alikuja likizo na kompyuta yake yenye programu ya kurusha ndege, akaniambia, "Mjomba, leo unarusha ndege mwenyewe mpaka nyumbani." Nikavaa miwani, nikakaa. Tukaruka kutoka uwanja wa Bukoba, ziwa likabaki nyuma, tukakata magharibi. Nusu saa haikuisha tukawa juu ya Kayanga. Kwa Hiace ningekuwa hata Kyaka sijafika, nimepakatishwa kuku wa mtu.

Milima sina neno, ilikuwepo yote, hadi kule Mto Kagera unakotutenga na Rwanda. Lakini nyumba! Kayanga nzima imeezekwa vigae vyekundu, kila nyumba na dohani yake, utadhani tunaangukiwa na theluji. Kwenye kibanja changu imesimama misonobari. Tukapitiliza hadi Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Programu haina habari ya kumegana. Nao imewagawia misonobari ileile.

"Migomba iko wapi?" nikamuuliza.

"Mjomba, hapo programu inabuni tu."

Akanifafanulia, nami nawapa kama nilivyopewa. Chini kabisa kuna umbo la ardhi. Mwaka 2000 chombo cha anga Endeavour kilizunguka dunia siku 11 kikipima vimo kwa rada, na vipimo vyake vina nukta moja kila mita 30 hivi. Nikapiga hesabu: ekari yangu moja imeambulia nukta nne na ushee. Tena rada hiyo penye majani mengi hugota juu kabla ya kufika udongoni, kwa hiyo huenda migomba ya marehemu baba imehesabiwa kuwa sehemu ya mlima. Juu ya umbo hutandikwa picha za setilaiti, kama kitambaa juu ya meza. Mpaka hapo sigombi na mtu.

Kisirani kiko kwenye nyumba na miti. Miji mikubwa ya wenzetu hupigwa picha kila upande, ukipita unaona hadi madirisha. Kwetu programu ikiona kijani inasema msitu. Ikiona paa inachomoa nyumba stoo. Na stoo imejazwa vitu vya huko kwao.

Dogo akasema dawa ni kushusha mandhari ya nyongeza. Tukashusha usiku kucha. Bando la mwezi likaisha, umeme ukakatika mara mbili, tukanunua bando jingine. Asubuhi tukaruka tena. Barabara zimekolea, udongo mwekundu unavutia kweli. Misonobari nayo ipo, ila sasa ina vivuli.

Wala si mara ya kwanza kubandikiwa mandhari ya wengine. Mpelelezi Mwingereza Speke alipofika Karagwe kwa mfalme wetu, Mukama Rumanyika, mwaka 1861, alitazama ziwa letu dogo la hapa akalibatiza Little Windermere, kwa jina la ziwa la kwao Uingereza. Huyo naye alitubandikia mandhari ya nyongeza, tena bila kutumia bando.

Dogo anasema mtu anaweza kuchora nyumba na miti yake mwenyewe akaipandikiza mahali pake. Basi vijana wa Karagwe na Kyerwa mnaojua kuchora kwa kompyuta, nawaomba mgomba mmoja tu, wenye mkungu. Bando nitanunua mimi.