Mgeni Hapewi Ukoko

Mpwa wangu anayesomea kompyuta ndiye aliyeniingiza mjini. "Mjomba, huna haja ya kuifuta Windows ili uuone mfumo wa Ubuntu. Pakua VirtualBox, ni ya bure, utengeneze mashine pepe. Kompyuta ndani ya kompyuta." Mke wangu alikuwa jikoni, alichosikia ni "mashine ya pepo". Tangu siku hiyo meza yangu haifutwi vumbi.

Neno bure lilinimaliza. Ni kweli, programu hiyo iliyozaliwa Ujerumani na kutoka mwaka 2007, ambayo siku hizi iko mikononi mwa Oracle, hailipiwi hata senti. Ubuntu nayo hailipiwi. Ila faili lake ni gigabaiti kadhaa, nami nililipakua kwa bando la usiku, nikikesha kama mlinzi wa duka.

Asubuhi mashine ikagoma. Kumbe uwezo wa kubeba kompyuta nyingine ulikuwa umezimwa kwenye BIOS, na huko huingii ila kwa kubonyeza kitufe fulani kabla Windows haijaamka. Kitufe gani? F2, F10, Delete. Kila laptopu na chake. Niliwasha na kuzima mara saba, vidole vikiruka kama vya mpiga kinanda wa taarabu.

Hatimaye nikaulizwa mgeni apewe memori kiasi gani. Ndivyo mafundi wanavyosema: kompyuta halisi ni mwenyeji, ile pepe ni mgeni. Na ubuntu, kwa Kizulu, ni utu. Unamnyimaje mgeni anayeitwa Utu? Laptopu yangu ina gigabaiti 4, nikamkatia 3. Alama ikaingia kwenye rangi nyekundu. Nikadhani ni pambo. Windows ikabaki kama baba mwenye nyumba aliyelazwa mkekani sebuleni, na feni ikavuma kama mashine ya kusaga.

Nikamtanua mgeni akajaa kioo chote, kama nilivyofundishwa. Hapo ndipo aliponiuliza, bila haya: nifute diski yote, nijisakinishe?

Diski yote! Picha zangu za harusi zimo humo. Hesabu za kikoba cha mtaa, ambacho mimi ni katibu, zimo humo. Nikabonyeza Alt na Tab nikimbilie Windows, lakini vitufe vyote vilikuwa vikimtii mgeni. Cha kujinasua ni Kontroli ya kulia, na hicho mwanangu wa mwisho alikibandua zamani, akakifanya gurudumu la gari lake la boksi. Nikang'oa waya ukutani. Betri ilishakufa siku nyingi, kwa hiyo giza likaingia papo hapo.

Mpwa alicheka simuni mpaka akakohoa. "Mjomba, ile diski ni faili tu ndani ya diski yako. Angefuta chumba chake mwenyewe, nacho kilikuwa kitupu!"

Mgeni hakugusa kitu. Picha za harusi zipo zote. Kilichopotea ni ukurasa wa hesabu za kikoba niliouacha wazi bila kuuhifadhi, na aliyeung'olea waya ni mimi.

Kikao ni Jumapili saa kumi. Mwanakikoba mwenye risiti zake za mwezi uliopita, tafadhali aje nazo.